Supamaketi Inakuja Mjini: Nani Atalipwa Lini?

Jengo jipya likianza kuchomoza kando ya barabara kuu katika mji wowote wa kaunti nchini Kenya, mpangaji wake hutajwa kabla paa halijaezekwa. Kuna wanaoapa kwamba ni Naivas, kuna waliodokezewa na mlinzi kuwa ni QuickMart, na kuna wanaoiona Carrefour kila panapowekwa vioo vikubwa. Madalali hupandisha bei ya ploti za jirani, vijana huandika barua za kuomba kazi kwa kampuni ambayo haijathibitisha lolote, na wahudumu wa bodaboda huanza kugombea kona itakayokuwa steji. Furaha hiyo ina msingi wake na sina nia ya kuicheka. Ninachosema ni kwamba watu huuliza maswali mepesi, ni duka gani na litafunguliwa lini, wakaliacha swali lililoamua hatima ya karibu kila supamaketi kubwa iliyowahi kuanguka Kenya: bidhaa zilizojaa kwenye rafu zimenunuliwa kwa pesa za nani, na mwenye pesa hizo atalipwa baada ya siku ngapi?

Tuanze na faida, maana zipo. Mkazi wa mji mdogo anajua jinsi bei inavyobadilika kufuatana na sura ya mnunuzi. Supamaketi hubandika bei, na bei ile ni ya mwalimu, ya mpasua kuni na ya mke wa chifu. Risiti inatolewa, tarehe ya kuharibika inasomeka, na mtu anaweza kurudisha kilichooza bila ugomvi. Tena faida hizi zimepimwa. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Göttingen, Ujerumani, walilinganisha miji mitatu midogo ya Kenya ya kati: Ol Kalou, uliokuwa na supamaketi tangu 2002, Mwea, ulioipata 2011, na Njabini, ambao haukuwa nayo. Waligundua kwamba watoto na vijana wa nyumba zinazonunua chakula supamaketi walikuwa na udumavu mdogo zaidi. Watu wazima wa nyumba hizohizo, kwa upande mwingine, walikuwa wameongezeka uzito, jambo lisilomshangaza anayejua kinachopangwa karibu na keshia. Utafiti mwingine, uliochapishwa 2011, uliwatazama wakulima wa mboga wa Kiambu na kuonyesha kwamba kuuzia supamaketi kuliinua mapato ya kaya kwa takriban asilimia 48. Anayesema supamaketi haileti chochote hajatazama.

Lakini fedha za supamaketi haziendi kama zile za duka la mtaani. Mteja hulipa papo hapo, kwa noti au kwa M-Pesa. Maziwa, mkate, sabuni na unga anavyotoka navyo, mara nyingi bado havijalipiwa na duka lenyewe. Aliyevileta ameandikiwa kwamba atalipwa baada ya siku 30, au 60, au 90. Mkate huuzwa siku ileile unapoletwa, kwa hiyo kwa majuma kadhaa pesa za mwenye kiwanda cha mikate hukaa katika akaunti ya duka, tena bila riba. Faida ya pakiti moja ya sukari ni ndogo mno, na pengine sukari huuzwa kwa bei ileile iliyonunuliwa ili kumvuta mteja aingie. Nguvu ya biashara iko katika wingi wa mauzo na katika muda huo wa kukaa na pesa za watu. Hakuna ubaya katika hilo maadamu pesa zinarudi kwa wenyewe. Ubaya huanza pale zinapotumiwa kulipa amana ya pango la tawi jipya, kununua majokofu na kuweka mabango. Tawi jipya nalo hupokea bidhaa kwa mkopo, na mauzo yake ya mwanzo yanalipa madeni ya tawi lililotangulia. Ni chama ambacho wanachama wote huchanga na mmoja tu ndiye anayepokea. Kinadumu mradi matawi yazidi kufunguliwa. Siku ufunguzi ukikoma, deni linabaki pale pale na hakuna mchango mpya wa kuliziba.

Nakumatt ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Ilianzia Nakuru kama duka la magodoro, ikakua hadi kuwa na matawi zaidi ya 60 nchini Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Baadhi ya maduka yake ya Nairobi hayakufungwa usiku wala mchana, na nembo yake ya tembo ilikuwa fahari. Ilipoanza kuyumba, hakuna aliyehitaji kusoma vitabu vya hesabu ili kujua kwamba mambo yameharibika, kwa sababu rafu ndizo zilizosema. Wauzaji waliochoka kusubiri malipo walisimamisha magari yao, na kufikia 2017 mteja alikuta chupa za maji zimepangwa safu moja moja kufunika nafasi iliyokuwa ya mafuta ya kupikia. Januari 2018 kampuni iliwekwa mikononi mwa msimamizi, ikiwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30, sehemu kubwa yakiwa ya walioipelekea bidhaa. Miaka miwili baadaye wadai walipiga kura ivunjwe, na maduka sita ya mwisho yakauzwa kwa Naivas kwa shilingi milioni 422. Piga hesabu: kiasi hicho hakifiki senti mbili kwa kila shilingi iliyodaiwa. Tena katika mgao wa namna hiyo sheria huwatanguliza wadai wenye dhamana. Mwenye maziwa na mwenye mayai, ambao dhamana yao ilikuwa karatasi ya kupokelea mzigo, hukaa mwisho wa foleni.

Ingekuwa Nakumatt peke yake tungesema ni ajali. Uchumi, iliyoasisiwa 1975 kwa mkono wa serikali, ilifunga milango Juni 2006, ikafufuliwa, kisha 2015 ikaondoka Uganda na Tanzania na kuwaacha wafanyakazi na wauzaji wa huko wakidai. Tuskys, ambayo kama Naivas chimbuko lake ni Nakuru, ilifikia mahali ambapo mwaka 2020 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya ililazimika kufuatilia jinsi inavyowalipa wauzaji. Muda mfupi baadaye maduka yake yakawa yanafungwa moja baada ya jingine. Nchini Tanzania, Shoprite ilipoamua kuondoka mwaka 2014 iliiuzia Nakumatt maduka yake ya Dar es Salaam na Arusha, na wateja wakabadilishiwa bango tu. Baada ya miaka michache bango hilo nalo likashushwa. Supamaketi ikianguka, mwenye jengo aliyekopa benki kwa kutegemea mpangaji huyo mkuu hubaki na ukumbi mtupu, na wapangaji wadogo waliofuata umati wake, wa simu, wa dawa na wa viatu, hufuata tena, safari hii kutoka nje.

Nitajibiwa kwamba hayo ni ya kale, na kwamba waliobaki wamejifunza. Jibu hilo lina ukweli nusu. Mwaka 2022 IBL ya Mauritius pamoja na taasisi za fedha za Ufaransa na Ujerumani zilinunua asilimia 40 ya hisa za Naivas. Kukua kwa mtaji wa wenye hisa ni bora mara nyingi kuliko kukua kwa deni la mwoka mikate, na hilo linaunga mkono hoja yangu badala ya kuipinga: cha kuangaliwa ni chanzo cha pesa. Lakini utajiri wa mwenye duka si kinga ya mji. Choppies ya Botswana iliingia Kenya kwa kununua maduka ya Ukwala. Shoprite ya Afrika Kusini ilifungua duka lake la kwanza Nairobi Desemba 2018. Kufikia mwisho wa 2020 zote mbili zilikuwa zimekwisha kuamua kuondoka. Na mwenye uwezo wa kulipa anaweza pia kumkamua anayemlipa. Mamlaka ya Ushindani iliamua mapema 2020 kwamba kampuni inayoendesha Carrefour ilimwonea muuza mtindi kwa kumdai punguzo juu ya punguzo na kumtaka apeleke wafanyakazi wake mwenyewe madukani. Rufaa ya kampuni hiyo ilishindwa mwaka uliofuata. Desemba 2023 Mamlaka ikaitoza faini ya takriban shilingi bilioni 1.1 kwa kesi nyingine mbili, ya muuza asali na ya kiwanda cha mafuta ya kupikia. Ukiona asali imeshushwa bei, ni halali kujiuliza punguzo hilo limetoka mfukoni mwa nani.

Upande wa pili kuna wanaolia kwamba supamaketi itamaliza vibanda na mama mboga. Hofu hii naiona imekosea shabaha. Kenya imeishi na supamaketi kwa miongo mitano, na bado sehemu kubwa ya manunuzi ya wananchi hufanyika kwenye maduka madogo, vibanda na soko la wazi. Sababu si mapenzi ya mtaa. Anayelipwa kwa siku hununua kwa siku: mafuta ya kupima, sukari ya robo, sabuni iliyokatwa kipande. Muuzaji wa kibandani humfungulia daftari mteja wake katikati ya mwezi, jambo ambalo keshia hata akitaka hana ruhusa nalo. Anayepaswa kuwa na wasiwasi ni mwenye supamaketi ya palepale, familia iliyoanza na duka moja na ambayo imekuwa ikinunua mayai na mboga za tarafa hiyo kwa miaka. Baadhi ya majina hayo yamejua kusimama: Khetia's kutoka Kitale, Mulleys kutoka Machakos, Maguna's kutoka Murang'a. Mengine mengi hayatajulikana nje ya miji yao. Likifungwa duka la namna hii kwa sababu jipya limekuja, kisha lile jipya nalo likaondoka baada ya miaka minne, mji unakuwa umepoteza mawili.

Kuna pingamizi lenye uzito zaidi, nalo ni kwamba mji mdogo hauna ubavu wa kumhoji mwekezaji: ukimuuliza sana atakwenda mji wa jirani. Hofu hii wanasiasa wa kaunti huipenda, kwa kuwa huwaondolea kazi. Lakini Katiba ya 2010 imeziachia kaunti leseni za biashara, masoko na upangaji wa miji. Kaunti ndiyo inayopitisha ramani ya jengo, ndiyo inayoamua lori zitashushia mzigo wapi na lango litaelekea wapi. Anayekuja kuomba vyote hivyo anaweza kuombwa naye aeleze hadharani atanunua nini kutoka kwa wakulima na viwanda vya hapo, na huwalipa watu baada ya siku ngapi. Kaunti haiwezi kuandika mikataba ya watu binafsi, wala haipaswi. Inaweza kuuliza swali kwenye mkutano wa hadhara na kuweka jibu kwenye kumbukumbu. Kampuni inayokimbizwa na swali la lini unalipa imekwisha kulijibu.

Swali hili linamgusa mkulima kabla ya mtu mwingine yeyote. Watafiti waliorudi baadaye kwa wakulima wa Kiambu waliona kwamba kuingia katika soko la supamaketi si sawa na kubaki humo. Wengi walikuwa wametoka, hasa pale msaada wa mashirika ulipokwisha na mikataba ikawa haipo. Mwenye sukuma wiki ana watu wa kulipa kila Jumamosi, nayo mboga haiwezi kusubiri bei irekebishwe. Dalali wa sokoni humpunja, hilo linajulikana, ila humlipa siku hiyohiyo. Supamaketi ikitaka kumshinda dalali katika mji mdogo, itabidi imshinde hapo kwanza, kwenye siku za malipo, kabla ya kujisifu kwa bei nzuri.

Na sheria iko upande wa anayeuza. Marekebisho ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2019 yanataka makubaliano kati ya mnunuzi mwenye nguvu na anayempelekea bidhaa yaonyeshe masharti ya malipo, tarehe ya kulipa, riba itakayotozwa malipo yakichelewa, namna ya kuvunja au kubadili mkataba, na njia ya kutatua mgogoro. Mkulima, mwoka mikate au mwenye kiwanda kidogo cha maziwa anayefuatwa na wanunuzi wa duka jipya aombe mambo hayo matano kwa maandishi kabla ya kupakia kreti ya kwanza. Akinyimwa, Mamlaka ya Ushindani hupokea malalamiko. Nanyi wengine mnaosubiri kwa hamu mlango ufunguliwe, nendeni mkanunue. Miezi sita baada ya ufunguzi, muulizeni anayeleta maziwa pale kama amelipwa.