Maana ya Neno "Want"

Watu wengi waliojifunza Kiingereza, wakiulizwa maana ya neno "want", hujibu upesi: "Ni kutaka." Jibu hilo si kosa, lakini ni nusu tu ya maana. Nusu ya pili, tena iliyo ya kale zaidi, ni kukosa au kupungukiwa.

Neno hili Waingereza walilipata zamani sana kwa watu wa Kaskazini waliovuka bahari na kukaa nchini mwao, na kwa watu hao maana yake ilikuwa kupungukiwa. Maana ya kutaka ilifuata baadaye, kwa kuwa aliyekosa kitu hukitamani. Kwa hiyo mtu asomaye Zaburi ya 23 katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, akishika maana ya kutaka peke yake, atadhani ya kuwa Daudi anamkataa Mchungaji wake; kumbe anamshukuru kwa kumwondolea dhiki.

Hali kadhalika, mwaka 1942 William Beveridge alipoiandikia Serikali ya Uingereza habari za maadui watano wa raia, alitaja "Want" pamoja na maradhi, ujinga, uchafu na kukaa bila kazi. Hakukusudia tamaa, alikusudia ukata wa mtu asiye na riziki ya kumtosha.

Mimi mwenyewe nilikosea nilipokuwa mgeni katika kazi ya ukarani. Ilikuja barua ya mkaguzi yenye neno hili juu ya shule na madawati 12. Nikawafasiria wazee: "Shule yataka madawati 12." Wazee wakadhani ni amri, wakachangishana fedha, hata mjane mmoja akauza kuku wake. Mwalimu alipoisoma barua tena, tukaona ya kuwa mkaguzi alikuwa akiarifu upungufu tu, wala hakumdai mtu hata senti moja. Fedha zilirudishwa, lakini kuku hakurudi.

Basi, mwenye kufasiri na atazame mambo mawili. Kwanza, neno hili likiwa jina, kama katika "for want of rain", maana yake mara nyingi ni ukosefu, yaani kwa kukosa mvua. Pili, likiwa tendo, na amtazame mtendaji: mtu aweza kutaka, tena aweza kupungukiwa, bali nyumba, shamba na shule hazina moyo wa kutaka. Hizo mara nyingi hupungukiwa tu. Naye akiwa na shaka, na aulize kabla ya kusema, maana kosa la msomaji hulipwa na asiyejua kusoma.