Njia ya kukimbilia inatengenezwa mbele ya hatari

Mutu anayefanya kazi chini ya udongo anajua ulizo moja linalopita yote: matata yakianza, tunatokea wapi? Ulizo hilo hilo njo wanajiuliza watengenezaji wa michezo ya video ya safari za angani, ile vijana wetu wanacheza kwenye ordinateri mpaka usiku. Tumeona vizuri kuifungua kidogo, kwani iko kitu ndani yake ambacho mchimbaji ataelewa haraka.

Tuanze na Elite Dangerous, mchezo wa Waingereza uliotoka mwaka wa 2014. Chombo chako kikivunjika, wewe unaokoka kila mara. Unalipa asiransi asilimia 5 ya bei, unapewa chombo kingine sawa na kile, unarudi kazini. Kwa kucheza, ni vizuri. Lakini mchezaji anazoea kuogopa deni, haogopi moto.

Kerbal Space Program iko ingine kabisa. Ulitengenezwa kule Mexico na sosiete Squad, na watu walianza kuucheza mwaka wa 2011. Hapa mchezaji mwenyewe njo injenieri: anajenga roketi kipande kwa kipande, anaingiza ndani watu wadogo wa rangi ya kijani, anawasha. Roketi ikianza kupinduka, hakuna wa kuja kukusaidia. Ila, kama ulifikiri mbele, uliweka juu ya chumba cha watu mnara mdogo wenye moto wake. Kazi yake ni moja tu: kunyakua chumba kile na kukipeleka mbali, kisha parashuti inafunguka. Yote kwa kufinya kitufe kimoja.

Sasa, kitufe kile kinafanya tu yale uliyokipangia wakati ulikuwa ungali kwenye atelie. Kama ulisahau kipande cha kukata chumba na roketi, mnara unavuta bure, na mnaanguka wote pamoja. Tena mnara uko na uzito, karibu tani moja, na uzito unakula mafuta. Ukirusha mara kumi bila matata, roho inaanza kusema: tuutoe basi, tufike mbali zaidi. Ni pale tunaona watengenezaji walikuwa na akili kweli. Hawakukatazi kuutoa. Wamekuachia hesabu mkononi, na wale watu wadogo wanakuangalia kwenye kidirisha, mara wanacheka, mara wanaogopa.

Wachimbaji wa Kolwezi wanajua hesabu hiyo bila ordinateri. Shimo la pili la kutokea ni siku nyingi za kuchimba bila hata mfuko mmoja wa kuuza.

Mnara wenyewe si mambo ya kubuni. Tarehe 26 Septemba 1983, huko Baikonur, Vladimir Titov na Gennady Strekalov walikuwa wamekaa juu ya roketi ya Soyuz. Zilibaki pungufu ya dakika mbili waruke, moto ukashika chini. Ukaunguza nyaya, amri haikupita. Watu wa chini njo walituma amri kwa redio; mnara ukawanyakua, na sekunde chache nyuma yake roketi ikapasuka. Walitua kilomita kama 4 kutoka pale, na maumivu, lakini wazima. Angalieni: wale wawili hawakufinya kitu. Aliyewaokoa alikuwa mbali, na alijua la kufanya.

Na chini ya udongo? Tarehe 5 Agosti 2010, kwenye mgodi wa San José, inchi ya Chile, mwamba uliporomoka ukafungia watu 33, karibu mita 700 chini. Walijaribu kupanda kwa shimo la hewa, lakini ngazi hazikufika juu. Ngazi nazo ni chuma na pesa, na siku nyingi hakuna anayezipanda. Walikaa siku 69.

Kwa kuwatoa, watu wa NASA, wale wale wa mambo ya angani, waliitwa kutoa mashauri. Wanamaji wa Chile wakajenga chombo, Fénix, chenye upana wa sentimita kama 54 tu, bega la mtu linaingia kwa shida. Ndani kulikuwa oksijeni na njia ya kusemezana na watu wa juu. Na chini ya miguu waliweka mlango. Kama chombo kingekwama katikati ya shimo, mtu angeufungua na kushuka tena kwa wenzake. Hata njia ya kukimbilia ilipewa njia yake ya kukimbilia.

Usiku wa tarehe 13 Oktoba, shefu wa ekipi, Luis Urzúa, alitoka wa mwisho kati ya wale 33. Mlango ule haukufunguliwa hata mara moja.