Gesi ya samadi ikipungua Julai, kuni zisaidie

Mkulima wa Nkoaranga mwenye ng'ombe wawili zizini na mtambo wa biogesi huudhika kila mwaka. Juni na Julai, ukungu wa Mlima Meru unaposhuka hadi migombani na watoto wanataka kuota moto, ndipo gesi hupungua.

Mitambo ya kuba, iliyoenezwa na CAMARTEC ya Arusha tangu miaka ya 1980, huzikwa ardhini isipate baridi ya usiku. Lakini udongo nao hupoa. Vijidudu vinavyozalisha gesi hupenda joto la nyuzi 30 na zaidi. Chini ya 15 karibu visimame. Wakati wa joto, kilo 25 za kinyesi kibichi na maji kiasi hicho hicho hutoa takriban meta 1 ya ujazo ya gesi kwa siku, ya kupikia saa mbili hadi tatu. Julai kinyesi ni kile kile, moto haba.

Kujenga mtambo mkubwa zaidi kwa ajili ya wiki nane za baridi ni hasara. Bila ng'ombe wa kuulisha ni shimo tu. Nafuu ni kugawa kazi. Gesi ichemshe chai na maziwa. Makande, maharage na kuota moto viachiwe jiko banifu la kuni lenye dohani, kwa matawi ya kahawa yaliyopogolewa baada ya mavuno na kukaushwa. Jiko la mkaa lisiingizwe chumba cha kulala kilichofungwa: hewa yake ya sumu haina harufu, na huua watu usingizini.

Samadi ichanganywe mchana, kwa maji yaliyoachwa juani, iwapo jua lenyewe litatoka.