Kuhama nyumba na hukumu ya samani tusizozihitaji

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Katika Sura An-Nahl, aya ya 80, Mwenyezi Mungu anatukumbusha kuwa nyumba zetu ni utulivu aliotujaalia Yeye, na kwamba vyombo vya ndani ni starehe ya muda tu. Anayehama nyumba huuona ukweli huo kwa macho yake.

Hapa Mwanza jambo hili si dogo. Aliyepanga juu kwenye mawe ya Mabatini hapati gari la kufika mlangoni. Kabati lake hushushwa kwa mabega ya wachukuzi. Anayehamia Sengerema, ingawa tangu mwaka 2025 anapita juu ya Daraja la Kigongo–Busisi badala ya kusubiri kivuko, bado hulipia nafasi ya mzigo. Na anayevuka kwenda Ukerewe hana haja ya kuhubiriwa juu ya chombo kilichozidishwa uzito, kwani watu wa ziwa hili tulizika ndugu zetu wa MV Bukoba mwaka 1996 na wa MV Nyerere mwaka 2018.

Kupunguza vitu, basi, ni busara. Lakini sheria ina la kusema kuhusu namna ya kuvipunguza.

Kwanza, mwenye mali ni nani?

Kitanda alichonunua mke kwa mahari yake au kwa biashara yake ni mali yake, na mume hana ruhusa ya kukiuza wala kukitoa bila ridhaa yake. Zito zaidi ni samani za marehemu. Familia nyingi huhama baada ya baba kufariki, na makochi yakagawiwa majirani kabla mirathi haijapigiwa hesabu. Ikiwa miongoni mwa warithi wamo watoto wadogo, hakuna mtu mwenye haki ya kuifanya sehemu yao kuwa sadaka, hata kwa nia njema. Aya ya 10 ya Sura An-Nisaa imewaonya wanaokula mali ya yatima kwa dhulma kwamba wanakula moto.

Pili, kuuza kwa ukweli

Kuuza vyombo vya nyumbani si aibu. Abu Daud amepokea, ingawa baadhi ya wanavyuoni wameuona upokezi huo kuwa dhaifu, kwamba Mtume (S.A.W.) alimnadia Ansari mmoja fukara tandiko na bakuli lake kwa dirhamu mbili, moja ikanunua chakula, ya pili shoka la kukatia kuni, na mtu yule akaacha kuombaomba. Sharti ni ukweli. Katika hadithi ya Hakim bin Hizam (R.A.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, baraka ya biashara huja kwa kusema kweli na kubainisha kasoro, na huondoka kwa kuficha. Basi godoro lenye kunguni lisemwe, na vanishi isipakwe ili kufunika ufa.

Tatu, sadaka isiwe jalala

Katika Al-Baqara, aya ya 267, tumekatazwa kukusudia kibaya na kukitoa, ilhali sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Wapo wanaomtwisha maskini kochi lililooza. Naye kwa haya hushukuru, kisha hulipia mkokoteni kwenda kulitupa. Huko ni kumhamishia taka zako. Kiti kilichovunjika mguu mpelekee seremala kwanza, ndipo ukitoe. Na usiwasahau jamaa: Abu Talha (R.A.) alipotoa shamba lake alilolipenda mno, Bairuha, Mtume (S.A.W.) alimshauri awape jamaa zake wa karibu. Ukishatoa, usikidai tena wala usikinunue, Umar (R.A.) alikatazwa kumnunua farasi aliyekwisha kumtoa sadaka.

Nne, kisichofaa kitupwe penye mahali pake

Godoro lililotupwa Mto Mirongo huziba njia ya maji, mvua ikinyesha likaleta mafuriko kwa jirani, na uchafu ukaishia ziwani tunakochota maji na kuvua samaki. Ikiwa kuondoa udhia njiani ni tawi la imani, tujiulize kuuweka ni tawi la nini.

Ndugu Waislamu, nyumba mpya nayo isijazwe upya pasipo haja. Muslim amepokea kutoka kwa Jabir (R.A.) kuwa tandiko moja ni la mume, la pili la mkewe, la tatu la mgeni, na la nne ni la shetani. Na ipo nyumba moja tutakayohamia sote bila kitanda wala kabati. Kitakachotangulia huko ni kile tulichokitoa kwa haki.

Mwenyezi Mungu atujaalie makazi yenye baraka. Wallahu aalam.