Nasaba, Mirathi na Madaftari ya Zamani: Mfano wa Karatu na Ngorongoro

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Zipo nyumba na mashamba ambayo mwenyewe alifariki zamani na hadi leo mirathi yake haijagawanywa. Jambo huwa zito zaidi marehemu akiwa mhamiaji aliyetoka Hadhramaut, Somalia au Bara Hindi, akaacha huko mke na watoto kabla ya kufungua duka huku bara. Wajukuu wa Karatu wanapotaka kugawana, imamu huulizwa: je, wale wa ng'ambo wana haki? Jibu ni wazi. Fungu la mrithi haliondoki kwa umbali wala kwa kusahauliwa. Linalobaki ni kumthibitisha.

Mtafutaji ajue kwanza kwamba Karatu ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu, katika Jimbo la Kaskazini lililoongozwa kutoka Arusha. Anayetafuta majalada ya Karatu peke yake huenda akarudi mikono mitupu. Kumbukumbu za Wajerumani na Waingereza zimo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Gazeti la Serikali nalo lilitangaza mirathi na maombi ya uraia. Kwa aliyepitia Unguja, Nyaraka za Zanzibar zina kumbukumbu za mahakama, wakfu na hati za mauziano.

Ardhi nayo ichunguzwe. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Adolf Siedentopf na nduguye Friedrich Wilhelm walikuwa na mashamba ndani ya Kreta ya Ngorongoro. Ujerumani iliposhindwa, mali za raia wake zilitwaliwa. Wajerumani wengine walikuja kulima kahawa Oldeani, nao wakawekwa kizuizini vita vilipozuka mwaka 1939. Mwaka 1959 Ngorongoro ikawa eneo la hifadhi. Basi tusidhani kila ardhi aliyoishi babu ilikuwa milki yake. Kisicho milki ya marehemu hakirithiwi.

Tahadhari nyingine ni majina. Karani wa kikoloni aliandika alivyosikia, na mara nyingi alilifanya jina la baba kuwa jina la ukoo. Said bin Awadh wa hati ya Kiarabu anaweza kuwa Saidi Awadi katika leseni ya duka. Kufanana kwa majina hakuthibitishi nasaba, na kutofautiana kwa tahajia hakuivunji.

Fuqahaa hawakupokea maandishi kiholela, kwa kuwa hati hughushiwa. Majalla ya Dola ya Uthmaniya, iliyotungwa kati ya 1869 na 1876, ilikubali kutendea kazi maandishi yaliyosalimika na shubha ya kughushiwa, yakiwemo madaftari ya mahakama yaliyohifadhiwa vyema. Faida ya madaftari ilionekana Uturuki Februari 2018, serikali ilipowafungulia raia kumbukumbu za ukoo kwa intaneti. Wapo waliogundua kuwa bibi au babu yao alikuwa Muarmenia, jambo ambalo nyumbani halikutajwa.

Pamoja na hati kuna istifadha, yaani habari iliyoenea kwa watu wengi ambao haielekei wakubaliane kusema uongo. Wanavyuoni wameikubali katika kuthibitisha nasaba. Kwa hiyo wazee wa Karatu na Mto wa Mbu waulizwe sasa, maneno yao yaandikwe mbele ya mashahidi, kisha yalinganishwe na hati.

Mrithi akijulikana lakini haijulikani kama yu hai, fungu lake lisimamishwe hadi hali yake ibainike au hakimu aamue. Waliopo wasiligawane kwa hoja kwamba hajaonekana. Madeni na wasia halali vitangulie, na shauri lipelekwe Mahakama ya Mwanzo pamoja na ushahidi wote.

Qur'ani (33:5) imetuamrisha kuwanasibisha watu na baba zao. Kulificha daftari ili kumnyima mrithi ni dhulma, hata kama hakuna aliye hai anayemkumbuka.

Wallahu a'lam.