Mshubiri Huota Kisaju, Lakini Ni Nani Atanunua?

Ukisafiri kutoka Nairobi kwa barabara ya Namanga, ukiisha kupita Kitengela utafika Kisaju kabla ya kuona Isinya. Hii ni nchi ya Kaputiei, nchi tambarare ya nyasi na miiba, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa malisho tu. Ranchi za jumuiya zilizowekwa kwa sheria ya mwaka 1968 ziligawanywa baadaye, na leo watu wengi katika nchi hiyo wana vipande vyao wenyewe vilivyozungushiwa seng'enge. Mvua haitoshi mahindi kila mwaka. Katika kiangazi cha mwaka 2009, na tena kati ya 2020 na 2022, ng'ombe walikufa kwa wingi katika Kajiado. Basi si ajabu kwamba mwenye kipande hutafuta mmea usioogopa jua. Mmoja wa mimea hiyo ni mshubiri, ambao wengi huuita alovera.

Bwana na Bibi Mkulima, ninyi mnaokaa katika mashamba ya skimu, hali yenu ni kama ya watu wa Kisaju: kipande kimoja, watoto wa kulishwa na kusomeshwa, na fedha chache ambazo zikipotea hazirudi upesi. Kwa hiyo soma habari hii kabla hujauza ng'ombe ili ununue miche.

Mmea huu si mgeni kwetu

Wamasai wana mshubiri wao wa porini uitwao osuguroi, na mizizi yake hutiwa katika pombe ya asali. Watu wa pwani, wakitaka kusema kuwa jambo ni chungu kabisa, husema ni chungu kama shubiri. Lakini alovera inayotengenezewa mafuta ya ngozi na vinywaji vya madukani si osuguroi. Asili yake ni Bara Arabu. Maua ya alovera ni ya manjano, na maua ya osuguroi huelekea wekundu. Kumbuka tofauti hii, kwa maana ina kazi mbele ya sheria, kama utakavyoona.

Namna ya kuupanda

Kupanda si kazi ngumu. Mshubiri hauhitaji mbegu, kwa kuwa mmea mama hutoa machipukizi kando ya shina lake. Yang'oe yanapofikia urefu wa shubiri moja ya mkono, yaweke kivulini siku chache mpaka kidonda kikauke, kisha yapande.

Adui mkubwa si jua, ni maji yanayotuama. Sehemu nyingi za Kisaju zina ule udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kushika maji kama bakuli wakati wa mvua. Ukipanda katika udongo huo pasipo matuta, mizizi itaoza. Chagua mahali penye changarawe au mwinuko. Kama huna, inua matuta kwanza. Tia samadi iliyokauka ya boma. Palilia, kwa kuwa nyasi huunyang'anya mmea mchanga maji. Nyunyiza maji kidogo katika miezi ya kwanza.

Usikate majani mapema. Katika nchi kavu ngoja mwaka mmoja na nusu au zaidi. Kisha kata majani matatu au manne ya nje tu kwa kila mmea, na uache ya katikati yakue. Mshubiri haufi kwa ukame, lakini wakati wa kiangazi majani yake husinyaa na uzito hupungua. Ng'ombe na mbuzi hawaupendi kwa sababu ya uchungu, ingawa mbuzi mwenye njaa hachagui.

Shida iko sokoni

Jani la alovera ni maji karibu yote. Ukilipasua utaona ute mweupe ndani. Katika kila sehemu 100 za ute huo, sehemu 98 au zaidi ni maji. Jani likiisha kukatwa huanza kuharibika, na ute ulio wazi hubadilika rangi upesi. Mahindi yaweza kungoja ghalani mpaka bei ipande. Jani la mshubiri haliwezi. Kwa hiyo mwenye jani lililokatwa hana nguvu ya kubishana bei. Hupokea anachopewa, au humwaga.

Tufanye hesabu. Ukipanda kwa nafasi ya futi 3 kwa futi 2, ekari moja hubeba miche 7,260. Tuseme, kwa mfano tu, muuzaji anataka shilingi 50 kwa mche. Hizo ni shilingi 363,000 kabla hujalipa kibarua hata mmoja. Tuseme tena kila mmea umekupa majani matatu ya nusu kilo. Mavuno ya mara moja tu ni kilo 10,890, yaani karibu tani 11 za kitu kisichongoja. Je, umekwisha kujua lori litakalozichukua, na kiwanda kitakachozipokea siku ile ile?

Tena kumbuka unashindana na nani. Katika Mexico na Jamhuri ya Dominika yako mashamba makubwa ya alovera, na viwanda viko karibu na mashamba. Vinywaji na mafuta mengi ya alovera yanayouzwa Nairobi yametoka ng'ambo.

Jihadhari na mwuza miche

Yako maneno ambayo wakulima wetu wameyasikia mara nyingi: "Nunua miche kwangu, na mimi nitanunua mavuno." Wengine husema hivyo kwa kweli. Lakini mtu akipata faida yake yote siku anapokuuzia miche, hana haja ya kurudi siku ya mavuno.

Hatukosi mifano. Miaka kabla ya 2009 watu wengi waliambiwa wapande mbono, kwa kuwa mafuta yake yangeendesha magari. Mwaka 2009 uchunguzi wa mashamba ya Kenya ulionyesha kuwa mbono haumlipi mkulima mdogo ila ukipandwa kama ua wa shamba. Mwaka 2014 ikawa zamu ya kware. Watu walinunua ndege kwa bei kubwa, na kila jirani alipokuwa na kware, mayai yakakosa mnunuzi.

Na mshubiri wenyewe una historia yake. Katika Baringo, miaka ya 2000, kwa msaada wa Umoja wa Ulaya, wenyeji walitiwa moyo kupanda mishubiri ya kienyeji, na kiwanda kikajengwa Koriema. Lakini kiwanda hicho kilikaa muda mrefu bila kufanya kazi iliyokusudiwa. Kumbe hata majengo na mitambo haitoshi, kama mnunuzi wa mwisho hajapatikana.

Waliofaulu walifanyaje?

Usidhani kwamba haiwezekani kabisa. Huko Laikipia, wanawake wa Kimasai wa upande wa Il Polei hulima osuguroi katika mashamba yao, na majani yao yamenunuliwa na kampuni ya Lush ya Uingereza, inayotengeneza sabuni na vipodozi. Tazama mambo matatu katika kazi yao. Kwanza, wako katika kikundi, wala si kila mtu peke yake. Pili, walikuwa na mnunuzi aliyejulikana kwa jina. Tatu, mshubiri si mali yao ya pekee: wana asali, wana ushanga, wana wageni wanaokuja kutembea. Nyuki hupenda maua ya mshubiri, basi mmea mmoja ukasaidia kazi mbili.

Sheria inasemaje?

Mwaka 1986 Rais Moi alikataza kukata mishubiri ya porini kwa biashara, kwa sababu ilikuwa ikimalizwa. Mwaka 2007 zikatolewa kanuni za kulinda mishubiri, zinazosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Kadhalika mapatano ya mataifa yaitwayo CITES huzilinda aina zote za mishubiri katika biashara ya nchi na nchi, isipokuwa alovera peke yake. Basi usiende porini na panga ukauza osuguroi. Ukitaka kuilima au kuiuza, pata ruhusa ya KWS kwanza. Na hata ukilima alovera, umwulize afisa wa KWS na wa KEPHIS kabla ya kupeleka chochote nje ya nchi.

Tena, usiwauzie jirani zako maji ya mshubiri kama dawa ya kunywa. Kati ya ganda na ute kuna utomvu wa manjano ambao huharisha sana. Mwaka 2002 serikali ya Marekani iliamuru dawa za kuharisha zenye utomvu huo ziondolewe madukani, kwa kuwa usalama wake haukuthibitishwa. Mama mjamzito asiunywe. Bidhaa yoyote ya kuuzwa yataka kupimwa na kupata alama ya KEBS.

Shauri letu

Kama ungali unataka kujaribu, fanya hivi:

1. Tafuta mnunuzi kwanza. Nenda ukione kiwanda chake kwa macho yako. Uliza hununua kilo ngapi kwa mwezi, kwa bei gani, na nani hulipa lori.

2. Ongea na mkulima ambaye amekwisha kumwuzia majani, si miche. Kama hakuna hata mmoja, rudi nyumbani.

3. Mapatano yawe kwa maandishi, na asome mtu mwingine kabla hujatia sahihi.

4. Anza na miche 100, kando ya ua au mahali pa mawe. Tuseme kila mmoja utatoa machipukizi matano tu: miche 100 itakuwa 600, na hiyo 600 ikifanya vivyo hivyo itakuwa 3,600. Muda ndio utakaokupa miche, wala huhitaji kuuza ng'ombe.

5. Usiondoe malisho wala chakula cha nyumbani ili upande mshubiri.

6. Jiungeni. Majani ya wakulima kumi hujaza lori moja, na kikundi chaweza kujifunza kutengeneza sabuni, ambayo haiozi kama jani.

Kabla ya yote, mwone afisa wa kilimo wa wadi yako na umwonyeshe karatasi za huyo anayetaka kukuuzia miche. Ikiwa ni mtu wa kweli, hataudhika. Ikiwa anakuharakisha na kusema kesho miche itakwisha, mwache aende zake. Machipukizi ya mshubiri hayaishi, bali fedha zako zaweza kwisha siku moja.