Mipira 37 ya Gymkhana na rekodi nyingine za kriketi yetu

Tuanze na ile ambayo kila mtu anaijua. Tarehe 4 Oktoba 1996, katika uwanja wa Nairobi Gymkhana, kijana wa Pakistan aliyekuwa hajawahi kupiga mpira hata mmoja katika mechi ya kimataifa ya siku moja aliingia kuwa mpigaji wa tatu dhidi ya Sri Lanka. Alikuwa ameitwa kuziba pengo la Mushtaq Ahmed, na kazi iliyomleta Nairobi ilikuwa kurusha mpira, si kuupiga. Gongo alilolishika halikuwa lake. Lilikuwa la Sachin Tendulkar, aliyempa Waqar Younis alipeleke Sialkot kwa mafundi wakamtengenezee mengine ya aina hiyo.

Mipira 37 baadaye, Shahid Afridi alikuwa na mikimbio 100. Alitoka akiwa na 102 kwa mipira 40, na mara 11 aliuvusha mpira mpakani bila kugusa nyasi. Aliyeumia zaidi ni Sanath Jayasuriya, ambaye ndiye aliyekuwa akishikilia rekodi ya mikimbio 100 ya kasi zaidi, kwa mipira 48: ova zake 10 zilitoa mikimbio 94. Pakistan ilimaliza na 371. Siku ile ilisemekana Afridi ana miaka 16, lakini kwenye kitabu chake cha 2019 aliandika mwenyewe kwamba alizaliwa 1975. Basi rekodi ya kasi naikubali bila kinyongo. Ya umri mdogo tuiache kwanza.

Hata hivyo, Afridi alikuwa mgeni. Ukiniuliza mimi, siku kubwa zaidi ya uwanja ule ilikuja mwaka mmoja baadaye, Oktoba 1997, Kenya ilipocheza na Bangladesh. Kennedy Otieno na Dipak Chudasama walifungua mchezo pamoja na hawakutenganishwa hadi ubao uliposoma 225. Otieno alifikisha 144, Chudasama 122, Kenya ikamaliza na 347 kwa wiketi 3. Hakuna jozi ya wafunguaji duniani iliyokuwa imefika hapo katika mechi za siku moja. Ilibidi wasubiriwe Tendulkar na Sourav Ganguly, mwaka 1998 mjini Colombo, kuipita. Otieno na Chudasama walikuwa watu wa ligi ya Nairobi, wachezaji ambao Jumapili yoyote ungewakuta viwanjani bila kukata tiketi.

Ligi hiyo ndiyo iliyozaa yote haya. Zamani mechi kubwa za kujionyesha zilipangwa kwa cheo na kwa rangi: kuanzia 1910 maofisa wa serikali walipambana na walowezi, na kuanzia 1933 Wazungu na Waasia. Mwafrika hakuwa na timu katika mapambano hayo. Baadaye klabu kama Swamibapa, Kanbis, Aga Khan na Sir Ali Muslim ziliwafungulia mlango vijana wa mitaa ya jirani, na kwa sababu kijana mmoja akiingia alimvuta mdogo wake, kikosi cha taifa kikawa kama sherehe ya ukoo. Kwenye Kombe la Dunia la 2003 kulikuwa na ndugu watatu, Kennedy Otieno, David Obuya na Collins Obuya, pamoja na Martin na Tony Suji wa familia nyingine. Ni Collins aliyewaangusha Wasrilanka watano kwa mikimbio 24 pale pale Gymkhana, wakiwemo Aravinda de Silva, Mahela Jayawardene na Kumar Sangakkara. Kenya ikaenda hadi nusu fainali. Ni kweli New Zealand ilikataa kuja Nairobi, ikatuachia alama za bure, lakini Sri Lanka ilikuja ikafungwa.

Ushindi wa kushangaza zaidi wa Kenya ni ule wa Pune dhidi ya West Indies, 29 Februari 1996. Kenya ilitolewa yote kwa 166, na katika hizo, 37 zilikuwa zawadi za makosa ya West Indies. Hakuna Mkenya aliyefunga zaidi ya zawadi hizo! Kisha Rajab Ali akamtoa Brian Lara kwa mikimbio 8, mlinda wiketi Tariq Iqbal akidaka, Maurice Odumbe akachukua wiketi 3 kwa 15, na mabingwa wa zamani wakaporomoka kwa 93.

Kwa ubahili, hakuna wa kumkaribia Aasif Karim. Alikuwa ameshastaafu, akabembelezwa arudi, na Machi 2003 mjini Durban akakabidhiwa mpira mbele ya Australia iliyokuwa ikijiendea kwa raha zake. Alirusha ova 8 na mipira 2. Ova 6 kati ya hizo hazikutoa mkimbio hata mmoja. Jumla alitoa mikimbio 7 na kuchukua wiketi 3: Ricky Ponting, Darren Lehmann na Brad Hogg. Australia ilishinda mechi, ila mchezaji bora alikuwa Karim, ambaye pia aliwahi kuichezea Kenya tenisi katika Davis Cup.

Rekodi ya Afridi ilivunjwa siku ya mwaka mpya 2014 na Corey Anderson, kwa mipira 36, huko New Zealand. Mwezi huo huo, New Zealand hiyo hiyo, Kenya ilipoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Nairobi imebaki kuwa mahali wageni wanapokuja kujaza vitabu: Oktoba 2024, uwanja wa Ruaraka, Zimbabwe iliipiga Gambia mikimbio 344 katika ova 20.

Za kimataifa zimeandikwa, hazipotei. Lakini mikimbio ambayo Otieno, Odumbe na wenzao waliipata katika ligi ya Nairobi imo kwenye madaftari ya kuhesabia ya klabu, yaliyoandikwa kwa penseli. Kama baba au babu yako alikuwa mwandishi wa hesabu wa klabu, na daftari bado liko kabatini, tafadhali zipige picha kurasa zake zote kabla mchwa hawajalifikia.